Programu yangu ya vitabu: hitilafu ya kitabu cha mwisho

Jumamosi, usiku. Nimeipata! Kwa wiki mbili programu yangu ya orodha ya vitabu imekuwa ikisema kitabu kilicho mwisho wa orodha kimeazimwa, nami nakiona kwa macho yangu kwenye rafu.

Leo nimeifuata hatua kwa hatua. Fanksheni (kipande cha programu kinachofanya kazi moja na kurudisha jibu) ya `tafuta` hurudisha nafasi ya kitabu kwenye orodha, na ikikikosa hurudisha -1. Niliiga `find`, fanksheni ya Python (lugha ninayoandikia programu) ya kutafuta ndani ya maandishi, nayo hurudisha -1 ikikosa. Sasa, katika Python `vitabu[-1]` ni halali kabisa: ndicho kitabu cha mwisho. Kwa hiyo kila nilipokosea herufi moja ya jina, programu ilikishika cha mwisho na kukiandika kimeazimwa, kimya kimya.

Nikaona nipitie fanksheni zote. `soma_rekodi` ikikosa faili inarudisha False. Ya kusikitisha zaidi ni `tafuta_mwandishi`: mwandishi akiwa na vitabu vingi napewa orodha, akiwa na kimoja napewa kitabu chenyewe, akikosekana hakuna `return` (amri ya kurudisha jibu) yoyote, yaani inatoka None, thamani ya Python ya kusema "hakuna kitu". Kila mahali nilipoiita nimelazimika kuweka `if` mbili tatu za kuuliza nimepewa nini. Nusu ya msimbo wangu ni maswali hayo.

Nimeamua hivi. Inayotafuta vingi irudishe orodha siku zote, hata ikiwa tupu. Inayotafuta kimoja irudishe kitabu au None, na `return None` niiandike waziwazi. Mwongozo wa PEP 8, wa mtindo wa kuandika Python, nao unataka hivyo, kwamba `return` moja ikibeba thamani, zote zibebe. Inayobadilisha orodha isirudishe kitu, kama `sort` ifanyavyo. Faili likikosekana, hitilafu iibuke palepale.

Nimewasha pia ukaguzi wa pylint (chombo cha kukagua msimbo) unaoitwa `inconsistent-return-statements`. Umeikamata `tafuta_mwandishi` mara moja, lakini ile -1 umeipita, kwa sababu kwake zote ni thamani tu. Hapo nimeongeza aina, yaani maelezo ya kitu fanksheni inachorudisha: `tafuta` sasa imeandikwa `-> Kitabu | None` (kitabu au None), na mypy, chombo cha kukagua aina hizo, inanigomea nikitumia jibu kabla ya kuangalia kama ni None. Napenda sana inavyogoma.

`tafuta_mwandishi` inaitwa sehemu 11. Nimerekebisha 7, nne zilizobaki ziko kwenye uchapishaji wa ripoti, nazo ni za kesho.