DX yangu ilikuwa ikizima kwenye kona

Toyota Corolla DX, yaani KE70, ilikuja na injini ya 4K ya kabureta, cc 1290. Hiyo niliitoa nikaweka 4A-GE ya injekta (vipulizia petroli), cc 1587, valvu 16. Barabara ikinyooka, raha tupu. Lakini kwenye kona ndefu za barabara ya Mai Mahiu, Kenya, tangi likiwa chini ya nusu, injini inakohoa, inazima, kisha inarudi.

Nilibadilisha plagi, nikabadilisha koili. Pesa ya bure.

Siku moja nikajaza tangi pomoni, kikohozi kikatoweka. Kumbe petroli ilikuwa ikikimbilia upande mmoja na pampu inanyonya hewa. Kabureta ina bakuli lake la akiba, kwa hiyo huvumilia. Injekta hazina subira hiyo: presha ikishuka tu, umekwisha.

Niliweka kitangi cha lita 2 kwenye buti. Pampu ya presha ndogo inakijaza, ile ya injekta inanyonya chini yake, na petroli inayorudi kutoka kwa injini inaingia humo kwanza. Ya ziada inapitia juu kwenda tangi kubwa. Fundi alisisitiza tukizingire kitangi kwa bati, maana watoto hukaa siti ya nyuma. Tangu hapo nimeshuka Mai Mahiu na robo tangi, haijakohoa.