Siku moja chumba cha dharura: "Amekunywa nini?"

Saa 12:45 asubuhi

Nimefika robo saa kabla ya zamu ili nihesabu atropini, dawa tunayopambana nayo na sumu ya wadudu, kabla sijasikia ripoti ya usiku. Wenzangu hunicheka kwa mazoea haya. Kabatini kuna ampuli 22 za miligramu 1. Jana jioni niliacha 60. Hata hatujasalimiana, tayari najua usiku ulikuwaje.

Saa 1:00

Sista wa usiku ana plasta kwenye vidole viwili. Ukivunja ampuli kwa mkono, moja baada ya nyingine na kwa haraka, lazima zikukate.

Kitanda namba 3: mwanamume, miaka kama 40, aliletwa saa 5 usiku. Jasho linamtiririka, mate yanamwagika, mboni za macho zimebana kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma. Kwenye faili wameandika: "Amekunywa dawa ya wadudu." Walimtibu vizuri kabisa: miligramu 2, baada ya dakika tano wakaona bado, wakatoa 4, kisha 8, ndipo mapafu yakakauka. Ampuli 14 ndani ya robo saa. Kisha wakamwekea dripu ya atropini. Kinachomsumbua sista ni kwamba mara mbili usiku kifua kimeanza tena kukoroma, na dripu inaendelea.

Nje mkewe amekaa benchi moja peke yake. Ndugu wa mume wamekaa benchi jingine. Hawasemezani. Mtu akisikika amekunywa sumu, mke huwa ameshahukumiwa kabla ya jua kuchomoza.

Saa 1:40

Namsikiliza kifua. Wanaoanza kazi hii hukimbilia kumulika macho, lakini mboni huchelewa kufunguka. Ukizifuata hizo utamjaza atropini mpaka aanze kuweweseka na kudaka vitu visivyokuwepo hewani. Mimi nategemea kifua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, na kwapa. Kwapa likikauka, nami nashusha pumzi.

Lake bado limelowa. Ninapomwinamia kuna harufu ya mafuta iliyochanganyika na kitu kama kitunguu saumu, ile harufu ninayoijua. Nanusa karibu na mdomo, ni hafifu. Kuna kitu hapo nilipaswa kukifuatilia palepale, lakini wameniita mlangoni.

Saa 3:15

Mtoto wa miaka miwili, amebebwa na bibi yake. Mafuta ya taa, kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mafuta ya taa hayo huwa yamo kwenye chupa ya maji, au ya soda.

"Nilimtapisha haraka, daktari, nikampa na maziwa," anasema bibi, kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu.

Sina moyo wa kumgombeza. Namweleza taratibu: bibi, mafuta haya yakibaki tumboni mara nyingi hayana madhara makubwa, hatari yake ni yakiingia mapafuni, na kumtapisha mtoto ni kuyafungulia njia ya kwenda huko. Mtoto anakohoa kidogo, oksijeni iko sawa. Picha ya kifua, na kumwangalia kwa saa sita. Bibi amekumbatia ile chupa kama ushahidi mahakamani. Nimefurahi ameileta. Wengi huja mikono mitupu.

Saa 4:30

Tunamgeuza wa kitanda namba 3 kubadilisha shuka. Shati walishamvua. Suruali bado anayo, na kiunoni, chini ya mkanda, imelowa na kukauka ikaacha alama nyeupe. Harufu inatoka hapo. Mgongo wake una wekundu wa mstari mmoja, kuanzia kwenye bega hadi kiunoni.

Natoka nje kwa mkewe.

"Mama, samahani. Alikunywa nini?"

"Hakunywa kitu, daktari. Niliwaambia tangu jana. Nilisema *alishinda kwenye dawa*."

Alishinda kwenye dawa. Yaani alipulizia shambani kutwa nzima. Ananieleza kwamba bomba la mgongoni lilikuwa linavuja kwenye mfuniko, na mumewe aliendelea nalo hivyo hivyo kwa sababu alilikodi kwa siku moja. Mtu wa mapokezi akasikia "dawa", akaona povu mdomoni, akaandika "amekunywa". Nami nilisoma neno hilo saa 1:00 asubuhi, nikalipita.

Kwa saa kumi na moja tumekuwa tunapambana na sumu kwa mshipa huku suruali inamrudishia kwa ngozi.

Tunavaa glovu na aproni, tunamvua kila kitu, tunamwosha kwa sabuni na maji mengi: nywele, nyuma ya masikio, kitovu, chini ya kucha. Nguo zinaingia kwenye mifuko miwili ya plastiki na kufungwa. Shemeji mmoja anauliza kama anaweza kuzichukua akazifue. Hapana, mzee. Hizo hazirudi nyumbani.

Saa 6:00 mchana

Chai, dakika saba.

Lugha yetu ina lawama fulani hapa, nakiri. Cha kuponya ni dawa, cha kuua panya ni dawa, cha kunguni dawa, cha kuogeshea ng'ombe dawa. Na si kila mara jina ndilo linalodanganya: mwaka 2022 kule Gambia, watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kuharibika, na Shirika la Afya Duniani likatahadharisha kuhusu dawa nne za kikohozi zilizokuwa na kemikali mbili zenye sumu, dietilini glaikoli na ethilini glaikoli. Hiyo ilikuwa dawa kweli, yenye lebo ya dawa.

Huwa napenda kuona jina la kiambato kwenye chupa kabla ya kutibu. Nchi wanachama wa shirika hilo zenye kituo cha kupiga simu ukauliza habari za sumu hazifiki nusu. Yetu haimo. Kwa hiyo nampigia mwenzangu niliyesoma naye, naye siku nyingine hunipigia mimi.

Saa 8:20

Dada mmoja kaleta binti wa miaka minne aliyepata degedege bila homa. Tumbo linauma wiki ya tatu, amefunga choo, amepauka. Natamani kuuliza "amekula nini?", lakini leo nimeshajifunza. "Baba yake anafanya kazi gani?" Anayeyusha betri za magari uani, nyuma ya chumba wanacholala.

Risasi, ile metali ya ndani ya betri. Huinywi wala huioni, unailamba na vumbi la vidoleni. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, ilikuwa ni kusaga mawe ya dhahabu yenye risasi majumbani, na watoto zaidi ya 400 walikufa. Hapa hatuna kipimo. Damu inasafirishwa, majibu siku nyingi. Nimeandika rufaa, nikamwambia dada mtoto asirudi kwenye ule ua hata kwa kuchukua nguo.

Saa 10:00 jioni

Kwapa limekauka! Naanza kupunguza dripu. Mtoto wa mafuta ya taa amemaliza saa zake sita, picha ni safi, anadai kurudishiwa chupa yake.

Mshauri wa kilimo amenitumia picha ya kopo: organofosfeti, aina ya kiuatilifu kikali, kama nilivyodhani. Sri Lanka ilianza kupiga marufuku viuatilifu vikali kama hivi miaka ya 1980, na watafiti wanakadiria maisha 93,000 yameokolewa kati ya 1995 na 2015. Wakulima wa huko wanaendelea kuvuna. Hapa kopo hilo linauzwa rejareja, likipimwa kwa kizibo.

Saa 12:30 jioni

Nakabidhi zamu. Kwenye faili nimekata "amekunywa" kwa mstari mmoja, nikaandika "kwa ngozi, kazini", na sahihi yangu. Nimewasomea ndugu kwa sauti. Kimya. Kisha mkubwa wao akahamia benchi la mke wa mgonjwa na kumpa chupa ya maji.

Kazi haijaisha. Kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya kupumulia inaweza kulegea ghafla, kifua kikiwa kikavu kabisa, na shingo ndiyo hutangulia. Namfundisha sista wa usiku: kila saa, mwambie ainue kichwa kutoka kwenye mto.

"Mzee, inua kichwa."

Anakiinua. Namhesabia hadi tano, kinatetemeka, anakilaza.

"Tena baada ya saa moja," sista anamwambia, na kuandika 5.