Barua tatu za udaktari, na kwa nini nilikwenda Gulu

Mwaka 2019 nilipata nafasi ya kusomea udaktari katika vyuo vitatu. Najua wapo wanaoomba Mungu wapate kimoja tu, kwa hiyo silalamiki. Ila mwenye barua moja hana la kuchagua. Anafunga begi na kuondoka. Mimi nilikuwa na muda mfupi wa kuamua, na kila jamaa alikuwa na neno lake, pamoja na wale ambao hawajawahi kuninunulia hata kalamu.

Kidato cha tano na sita nilichukua Fizikia, Kemia na Bayolojia. Vyuo vya serikali vina hesabu yao. Kwa udaktari, Bayolojia na Kemia zilizidishwa kwa 3, somo la tatu kwa 2, vikaongezwa vipointi vya kidato cha nne, na msichana akapewa pointi 1.5 juu yake. Kwa hesabu hiyo bodi ya pamoja ya udahili ilinipa udhamini wa serikali Chuo Kikuu cha Gulu, kaskazini mwa Uganda. Pembeni nilikuwa nimeomba pia nafasi za kujilipia, nazo zikaja zote mbili: Makerere, na Busitema, ambayo kitivo chake cha afya kiko Mbale, si mbali na kwetu Malaba, mpakani na Kenya.

Ukoo wetu haukuona kama kuna mjadala. Makerere kwetu si chuo, ni cheo. Wamefundisha udaktari tangu 1924, na daktari yeyote mzee unayemjua Uganda huenda amepita Mulago, hospitali kubwa ya Kampala wanakofundishiwa. Mjomba wangu, anayeuza spea za magari Kampala, alifunga safari hadi Malaba kwa ajili ya jambo hilo tu. Akakaa kwenye benchi la hoteli ya Mama, mahali wanapokula madereva wa malori wakisubiri karatasi za forodha, akaagiza chai na chapati, halafu akatangaza: "Mpwa wangu, Makerere utakwenda. Ada ya mwaka wa kwanza niachie mimi."

Nilimshukuru, tena kwa moyo. Halafu nikauliza: "Na mwaka wa tatu, mjomba?"

"Mungu ni mkubwa."

Mama hakusema kitu. Alichukua daftari lake la madeni, akageuza ukurasa wa nyuma, akanipa kalamu. Tukaandika pale pale, mjomba akiangalia. Udaktari ni miaka 5, kwa hiyo mihula 10, na hapo hujahesabu mwaka wa utarajali, ule wa kufanya kazi hospitalini chini ya usimamizi baada ya masomo. Kila muhula una ada. Kila mwezi una kodi ya chumba, kwa sababu asiye na nafasi bwenini anapanga Kamwokya au Kalerwe kama wenzake. Kuna chakula, koti jeupe, stethoskopu, vitabu.

Nauli niliiongeza baada ya kuongea na mwanafunzi wa huko. Watu hudhani ukisema Makerere umesema Mulago, mambo yote yako juu ya kilima kimoja. Siku hizi sivyo. Uzazi mwingi uko Hospitali ya Kawempe, upande wa barabara ya Bombo, na wodi nyingi za magonjwa ya ndani ziko Kiruddu, huko barabara ya Salaama. Mwanafunzi anafuata wagonjwa walipo, na kwenye foleni za Kampala hiyo ni takisi mbili au boda ya kukutoa roho.

Tulipojumlisha, mjomba alikunywa chai yake kimya. Mwaka wa kwanza ulikuwa sehemu ndogo ya ukurasa.

Kulikuwa na njia ya mkopo. Bodi ya serikali ya kugharamia wanafunzi wa elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, ilikuwa ikikopesha watu wa masomo ya sayansi. Niliifikiria kwa uzito. Tatizo ni kwamba mkopo huo ulilipa ada. Chumba na chakula vilikuwa shauri lako, na kwa familia kama yetu ada haikuwa nusu ya shida. Halafu deni linakungoja mlangoni. Mwaka 2023 posho ya daktari tarajali ilishushwa kutoka shilingi milioni 2.5 hadi milioni 1 kwa mwezi. Mwaka 2019 sikuweza kulijua hilo, lakini hata wakati huo sikupenda wazo la kuanza kazi nikiwa nadaiwa.

Pesa peke yake isingenitosha kuamua, lakini. Nilitaka kujua nitafundishwa wapi kushika mgonjwa. Kitu ambacho tovuti za vyuo hazisemi ni hiki: mwaka wa tatu, unapoingia wodini, kitanda kimoja mnakizunguka wangapi? Shule inaweza kuwa na jina na majengo, lakini kama mko umati kwa mgonjwa mmoja, utasikia mapigo ya moyo kwa kuhadithiwa. Rafiki yangu wa kidato cha sita, aliyekwenda chuo fulani ambacho sikitaji, aliniambia kwamba sehemu ya sahihi kwenye logibuku yake, daftari la kazi ulizofanya wodini, ni za uzazi alioutazama kupitia mabega ya wenzake. Alicheka aliponiambia. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo nilikuwa na maswali machache, na sikuwauliza walimu wala ofisi ya udahili. Niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne, maana wa mwaka wa kwanza bado wamo kwenye anatomia, hawajui wodi. Mama akijifungua saa nane usiku, mwanafunzi anaitwa au anaambiwa kesho? Nani anasoma historia ya mgonjwa uliyoiandika na kukuonyesha ulipokosea? Kanula ya kwanza, ule mrija mdogo wa mshipani, uliweka lini, na nani alisimama karibu nawe?

Mbale nilikwenda mwenyewe, kwa sababu ni karibu. Nilisimama nje ya hospitali ya rufaa mpaka nikaona dada mmoja mwenye koti jeupe begani akinunua roleksi, chapati iliyoviringishwa na mayai. Nikajitambulisha, nikanunua ya kwangu, tukala tumesimama huku mchoma chapati akitusikiliza bila kujificha. Alijibu yote. Kitivo chao kilianza 2013, kwa hiyo hawakuwa wengi, na walimu waliwajua kwa majina. Alinionyesha mkono wa kushoto jinsi unavyobana ngozi ili mshipa usikimbie, akitumia mkono wangu mwenyewe na kijiti cha meno badala ya sindano. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeipenda Mbale kabisa. Ningeweza kulala kwa shangazi. Ada ndiyo iliyobaki palepale, mihula 10.

Gulu ilikuwa mbali kwa kwenda kuangalia tu, kwa hiyo nilipiga simu. Kupitia mwalimu wangu wa Kemia nilipata kaka wa mwaka wa nne. Aliniambia wanafundishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Gulu na pia Lacor, hospitali ya wamisionari iliyoanza 1959, na kwamba kuna vipindi ambapo wanapelekwa kuishi na kufanya kazi kwenye vituo vya afya vijijini. Nilipouliza kuhusu uzazi wa usiku, alijibu: "Dada, utaomba wasikuite."

Shida ikawa Mama. Gulu aliyoijua ni ya redioni: vita vya Kony, halafu Ebola ya mwaka 2000, iliyomuua Dk. Matthew Lukwiya wa Lacor, daktari aliyebaki na wagonjwa na wauguzi wake mpaka akaugua mwenyewe. Kwangu mimi huyo alikuwa sababu ya kwenda. Kwa Mama alikuwa sababu ya kutokwenda, na siwezi kusema alikosea kuogopa. Nilimweleza kwamba vita viliisha huko tangu 2006, akanitazama tu kama mtu anayesikiliza mtoto.

Waliomgeuza ni madereva. Malori ya kwenda Juba hupita Gulu, kisha mpaka wa Elegu, na madereva hao walikuwa wateja wake wa miaka. Jioni moja aliwauliza, si mimi niliyewaomba. Mmoja wao, mzee Mkenya wa Mombasa, alimwambia: "Mama Athieno, mimi Gulu hulala. Nalala usingizi, si kama hapa Malaba." Wengine wakacheka, na Mama naye akacheka. Kesho yake aliniuliza kule baridi ikoje.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna mtu aliyelitaja kwenye kikao chochote, na kwangu lilikuwa zito. Sisi ni Wajopadhola. Lugha yetu ni ya Kiluo, ndugu na Kiacholi. Sikukijua Kiacholi, lakini nilijua kwamba mgonjwa wa Gulu akiniambia panapomuuma nitaokota nusu ya maneno siku ya kwanza. Kampala ningehitaji Kiganda, ambacho nilikijua cha sokoni tu, na Mbale ningehitaji Kigisu. Kiswahili hunisaidia popote, na Gulu zaidi, maana wanajeshi wa zamani na familia zao wamejaa. Nusu ya udaktari ni kumsikiliza mgonjwa. Mtafsiri akiwa ni mgonjwa wa kitanda cha pili, mengi hupotea.

Nikajisajili Gulu. Nafasi ya serikali usipojisajili kwa wakati inakwenda, kwa hiyo nilipanda basi mapema, kupitia Mbale, Soroti na Lira, nikiwa na godoro lililofungwa kamba.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba Makerere haina kitu. Taasisi ya Saratani na Taasisi ya Moyo ziko pale Mulago, na wataalamu ambao mimi niliwasoma vitabuni wenzangu waliwaona kila wiki. Ningepewa Makerere kwa udhamini wa serikali ningekwenda bila kikao. Na mwenye mzazi wa kulipa mihula 10 bila kuuza shamba, aende.

Lakini mwezi Machi 2020 shule na vyuo vyote vilifungwa. Malaba malori yalijipanga foleni ya kilomita nyingi, madereva wakipimwa korona na kukatazwa kuchanganyika na watu. Hoteli ya Mama ilikaa bila mteja miezi. Ule ndio ungekuwa mwaka wangu wa kwanza Makerere, na miaka iliyofuata ndiyo ile tuliyokuwa tumemwachia Mungu. Mjomba naye alifunga duka. Vyuo vilipofunguliwa, nilirudi Gulu kama nilivyoondoka, bila kudaiwa.

Sasa niko kwenye utarajali. Wizara ya Afya ndiyo inayopanga nani aende hospitali gani, na haifuati ulikosoma: wodini kwetu tuko wa Gulu, Mbarara, Makerere na Ishaka, shahada ni ileile, zamu za usiku ni zilezile. Wauguzi wanataka kujua kama unaweza kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji, basi.

Mjomba yeye hakubadilika. Kwenye harusi ya binamu yangu mwaka jana alinishika mkono akanizungusha meza kwa meza, akiwaambia wageni kwamba huyu ni mpwa wake, daktari wa Makerere. Sikumsahihisha, chakula kilikuwa kinapoa.