Kichwa cha treni kilichowaka tumboni

Ijumaa usiku umeme ulikatika mtaa mzima hapa Yombo. Reli yangu ya mezani inatumia betri ya volti 12, kwa hiyo treni iliendelea kuzunguka gizani, na mara ya kwanza niliiona kama inavyoonekana usiku. Binti yangu ndiye aliyetangulia kusema: "Baba, mbona treni inawaka tumboni?"

Kweli, ilikuwa inawaka. Bodi nyekundu ya kichwa iling'aa kama kandili. Mwanga ulichungulia kwenye matundu ya hewa, ukavuja chini ya madirisha ya dereva na pale bodi inapokalia chasisi. Taa za mbele zenyewe zilizidiwa na tumbo. Miezi minane ninacho kichwa hiki sikuwahi kuligundua hilo, maana huwa naendesha taa ya sebuleni ikiwa imewashwa.

Nimekulia karibu na stesheni ya TAZARA. Treni ya usiku kwangu ni mwanga unaokujia kutoka mbali, na nyuma yake giza tupu. Giza hilo ndilo ninalolitaka mezani.

(Kwa wanaouliza vipimo: ni modeli ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi, na reli zimeachana milimita 16.5. Ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1435, upana uleule wa SGR yetu. Reli ya TAZARA ina milimita 1067, kwa hiyo kwa kipimo hiki ingetaka zaidi kidogo ya milimita 12. Hiyo ni kazi ya siku nyingine.)

Jumamosi. Skrubu nne, bodi ikatoka. Taa mbili za LED zimekaa katikati, juu ya sakiti, na mwanga unasafirishwa hadi mbele na kijiti cha plastiki angavu. Ukuta wa bodi ni mwembamba, haufiki hata milimita mbili. Niliingia bafuni, nikafunga mlango, nikawasha tochi ya simu ndani ya bodi. Kila palipong'aa, binti alipawekea alama ya penseli. Kisha nikapaka rangi nyeusi ya maji kwa ndani, mara mbili. Wengine huongeza nyeupe juu yake ili mwanga urudi mbele. Mimi nimebaki na nyeusi, kwa sababu mwanga unaorudishwa hutafuta upenyo mwingine. Kwa unyevu wa Dar, niliiacha ikauke usiku kucha.

Siku hiyohiyo nilifanya kosa. Nilipaka rangi na kile kijiti angavu, nikiamini naziba kila kitu kwa mkupuo mmoja.

Jumapili nikawasha. Tumbo jeusi, safi kabisa, lakini taa za mbele nazo zimekufa, zimebaki kama kaa la sigara. Nilikaa nalo muda mrefu ndipo nikaelewa. Mwanga husafiri ndani ya kijiti kwa kudunda kwenye kuta zake, na hudunda kwa sababu nje ya kuta kuna hewa. Rangi ikigusa plastiki, inaumeza mwanga njiani kabla haujafika. Nikakiloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni, nikakwangua taratibu kwa kijiti cha meno hadi kikarudi kuwa angavu.

Jumatatu, Kariakoo. Nilitafuta mpira mweusi ule wa kuvalisha nyaya, unaojikaza ukipata joto, lakini mpana kuliko kijiti.

Muuzaji akanionya: "Mkubwa, huo mkubwa mno. Ila ukiupasha moto utabana."

"Ndiyo maana sitaupasha, ndugu yangu. Nataka upwaye."

Ukipwaya, hewa inabaki kati yake na kijiti. Jioni niliuvalisha, na taa za mbele zikarudi na nguvu zake zote, hata nikalazimika kuzipunguza. Rezista ya kiwandani, kile kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, ilikuwa ya ohmu 1,000. LED nyeupe inachukua volti 3 hivi, kati ya 12 zinabaki 9, ukigawa kwa 1,000 ndiyo kusema mkondo wa miliampia 9. Nimelehemu ya ohmu 4,700, mkondo umeshuka chini ya 2, na bado mwanga unatosha chumba kikiwa na giza. Kuna anayeweza kushauri foili ya jikoni badala ya rangi. Mimi siitaki karibu na sakiti: aluminiamu inapitisha umeme, na ikigusa miguu miwili ya LED ni shoti.

Jumatano usiku tulizima taa wenyewe. Binti alikaa mwisho wa meza, kidevu kikiwa juu ya mbao, usawa wa reli. Kona ya mwisho ilianza kung'aa kwenye chuma kabla treni haijatokea, kisha ikatokea taa, na nyuma yake hapakuonekana kitu. Akaniambia niirudishe tena.

Upande wa nyuma bado una tundu moja dogo, karibu na skrubu ya kushoto. Kesho nitaligusa kwa rangi.