Kamba Iliyolegea

Jumamosi, usiku

Leo asubuhi nimepanda feri ya Anacortes kwenda Friday Harbor, huku jimbo la Washington, Marekani, kazi ileile ya majokofu. Kuna hoteli kule ina chumba cha baridi kisichotaka kupoa. Kahawa mkononi, kofia hadi masikioni, nikasimama nje kwa sababu ndani kuna joto la kumlaza mtu. Tulipoingia mlango-bahari wa Rosario feri ikapunguza mwendo, nami sikuelewa kwa nini. Kisha ikajitokeza ukunguni, upande wa kusini: meli ya mafuta, ndefu mpaka nikageuza shingo kuimaliza, imezama sana majini, yaani imeshiba. Nyuma yake, tagi moja, boti ndogo yenye nguvu ya kuhudumia meli kubwa, imeunganishwa nayo kwa kamba.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini feri inaisubiri meli. Likoni tumesimama hivyo maisha yetu yote, jua la utosi, mikokoteni na baiskeli na watoto wa shule wamebanana, mtu anasema "meli yaingia", basi tena. Na babangu alikuwa upande wa pili wa hadithi hiyo. Miaka ishirini na ushei alikuwa baharia wa tagi pale Kilindini. Sisi tukikwama kwenye feri, huenda yeye ndiye aliyekuwa juu ya tagi inayotukwamisha.

Nikarekodi video, nikamtumia. Saa mbili asubuhi hapa ni saa moja usiku kule, ametoka msikitini. Akapiga papo hapo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo kamba imekaza au imelegea?"

Hakuniuliza hali wala baridi. Nikaitazama tena: imelegea, katikati imeshuka hadi karibu iguse maji.

"Na tagi iko tezi, si omo?"

"Iko nyuma, baba."

"Hao wanajua kazi."

Sasa mimi miaka yote nilidhani tagi ni ya kuvuta. Kama kamba imelegea, inafanya nini pale? Baba akacheka. Kazi ninayoikumbuka mimi, akasema, ni ile ya gatini: meli inakwenda mwendo wa kinyonga, tagi inasukuma huku, inavuta kule. Kusindikiza ni mambo mengine. Meli inakwenda kwa mashine zake yenyewe, tagi inafuata na kamba yake, haina shughuli. Siku usukani wa meli ukigoma, tagi inajigeuza ubavu. Maji yanayopita kwa kasi yanaupiga ule ubavu, kamba inakaza, na tagi inakuwa breki na usukani wa meli kwa pamoja. Mwendo ukifika noti (kipimo cha mwendo baharini) nane, kumi, nguvu inayotokana na maji yenyewe inaweza kuishinda ile ya mashine ya tagi.

"Umemwona mbuzi wa Idi anapokataa kwenda?" akasema. "Anakita miguu, anakaa upande. Mbuzi mdogo, na wewe mtu mzima unasimama."

Basi kutwa nzima, mkono mmoja kwenye kompresa, kichwa kiko kwa yule mbuzi. Jioni nimekaa kusoma.

Huku jimbo la Washington sheria ya tagi ni ya mwaka 1975. Meli ya mafuta yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 40,000 isipite maji ya ndani ya jimbo bila tagi, na nguvu za farasi za tagi zisipungue asilimia 5 ya tani hizo. Yaani meli ya tani 120,000 inahitaji tagi ya nguvu za farasi 6,000. Kampuni ya mafuta ilikwenda mahakamani, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 majaji wakakifuta kipengele cha sheria hiyo kilichoweka kikomo cha ukubwa wa meli, lakini hili la tagi wakaliacha.

Kilichonikaa zaidi ni Alaska. Usiku wa kuamkia Machi 24, 1989, Exxon Valdez ilitoka bandari ya Valdez ikiwa na rubani wa bandari na chombo cha kuisindikiza. Wakapita ule mlango mwembamba wa Valdez salama. Rubani akashuka, msindikizaji akaishia hapo, na meli ikaendelea peke yake usiku. Kidogo tu baada ya saa sita ikapanda mwamba wa Bligh. Mafuta yaliyomwagika ni zaidi ya lita milioni 40.

Kwetu mgeni husindikizwa. Kuna wa kufikishwa mlangoni, kuna wa kufikishwa njia panda, na kuna yule ambaye mama hakubali mpaka amwone ameketi ndani ya matatu na mlango umefungwa. Mgeni yule wa Valdez aliagwa njia panda. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria: meli za mafuta zilizosheheni, za ukuta mmoja tu kati ya mafuta na bahari, zisindikizwe na vyombo viwili katika ghuba ile ya Prince William na huku kwetu Puget Sound. Meli za kuta mbili zilipozoeleka, sheria ikaelekea kubaki bila wa kumsindikiza, na mwaka 2010 ikabidi iandikwe tena kwamba kule Alaska hata za kuta mbili ziwe na vyombo viwili.

Kuna na ile ya Ufaransa, Amoco Cadiz, Machi 16, 1978. Usukani uliharibika asubuhi, mbali kidogo na pwani ya Brittany, upepo mkali. Tagi iliyofika kwanza ilikuwa inapita tu na safari zake. Kamba zikafungwa, huku redioni nahodha wa meli na wa tagi wanabishana mkataba wa aina gani, na mwenye meli yuko Chicago wa kuulizwa. Kamba ikakatika. Wakafunga tena. Usiku meli ikawa juu ya miamba ya Portsall, na zaidi ya tani 220,000 za mafuta zikaenda baharini. Sisemi ubishi ndio ulioizamisha. Bahari ya siku ile ingeweza kuwashinda hata wangekubaliana dakika ya kwanza. Lakini ile kamba niliyoiona leo ilifungwa kabla usukani haujagoma, na bei yake ilishakubaliwa mtu akiwa ofisini, viatu vikavu.

Wapo wanaosema ni gharama ya bure, tagi inafuata meli mamia ya safari na haifanyi kitu. Baba alishayasikia hayo kwa wahasibu wa zamani. Lipo na lingine ambalo mimi naliona zito: kelele. Nyangumi wauaji wa maji haya ni wachache na wanawinda kwa kusikia, na kila tagi inaongeza mngurumo chini ya maji. Hilo sina jibu lake.

Tangu Septemba 1, 2020 Rosario imeongezewa sheria, hata vyombo vidogo vya mafuta, kuanzia tani 5,000, visindikizwe vikiwa vimesheheni. Humo yamo matishali yanayosukumwa na tagi, kwa hiyo sasa kuna tagi inayosindikizwa na tagi. Nilipomwandikia baba hilo, akanitumia sauti ya kicheko tu.

Halafu nikawaza nyumbani. Mwaka 2005 mafuta ghafi yalimwagika pale Kipevu yakaingia kwenye mikoko ya Port Reitz. Baba alikuwa akirudi na harufu ile kwenye nguo, mama anazifua kando. Sasa kuna gati jipya la mafuta la Kipevu, lililozinduliwa 2022, la meli kubwa zaidi. Na Tanga, kule Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta yale yatatoka kwa meli, katikati ya matumbawe, jirani na hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale. Tagi zitakuwepo, sina shaka, meli haitoki gatini bila tagi. Ningependa kujua zitaiaga meli wapi.

Wakati wa kurudi, saa kumi jioni, tumeipita tena tagi ya asubuhi, au dada yake, inarudi peke yake. Kamba imezungushwa kwenye pipa lake, inachuruzika maji. Jamaa mmoja kaketi juu ya ndoo nyuma, anakula kitu kwenye kopo. Nimemrekodi. Mombasa ilikuwa saa tisa usiku, baba amelala, nikaituma hivyo hivyo bila maneno.