Kaka, usiishie wiki ya tatu

Jana Jumanne nimerudi kutoka mazoezini usingizi umegoma, ndo mana naandika. Yule jamaa aliyeanza mwezi huu kujifunza salsa, dansi ya kucheza wawili wawili, hajatokea. Wiki ya kwanza alikuja, ya pili akaja, jana nimeangalia mlango mpaka saa mbili na nusu usiku, hola. Wanaume wengi tunawapoteza hapohapo wiki ya tatu na kila ikitokea inaniuma upya.

Juzijuzi nilisimama pembeni yake nikamwangalia vizuri. Macho yote kwenye viatu, midomo inahesabu moja mbili tatu, tano sita saba, kidole gumba kimembana yule dada mkononi mpaka pakabaki alama. Shati limelowa mgongoni kama katoka kushusha magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni. Ile nne na ile nane ambazo mguu unapumzika yeye hapumziki, anakimbilia hatua inayofuata, mziki unamwacha, anasimama, anaomba samahani, anaanza tena. Na dada aliyeanza naye siku moja anateleza tu na kila anayemshika. Jamaa akaniambia "kaka hivi vitu vina wenyewe, mi sina kipaji."

Aisee kipaji hakihusiki hapo. Kwenye kucheza wawili anayeongoza, mara nyingi mwanaume, anatwishwa mzigo wote siku ya kwanza, asikilize biti, miguu iende, afikirie kinachofuata, ampe mwenzake ishara mapema na bado aangalie wasigonge watu. Anayefuata nae ana kazi yake tena kubwa, ila mwanzoni akishikwa na mtu anayejua anapelekwa, mwili unazoea wenyewe. Sisi hatuna wa kutupeleka. Kwahiyo miezi ya mwanzo dada uliyeanza nae atakupita, muache apite, wewe endelea kuja.

Mi mwenyewe niliacha mara mbili. Aliyenirudisha ni mama mmoja mtu mzima anauza samaki Kirumba, ujanani alikuwa hakosi madansi ya bendi. Siku hiyo ilipigwa rumba ya Kongo, hii ambayo UNESCO waliitambua mwaka 2021 kama urithi, nikaanza kumzungusha huku na huku nionekane najua. Akanishika bega akasema "ng'wanawane," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "mi sitaki kuzungushwa, nataka nisikie upo." Tukacheza hatua ya msingi tu, wimbo mzima, taratibu, upepo wa ziwa unaingia dirishani, na nadhani ndo siku ya kwanza nilicheza kweli.

Halafu salsa na hiyo rumba ni ndugu, zote zina damu ya son, mziki wa zamani wa Kuba, sasa kijana wa Mwanza aliyekulia nyumba yenye redio inayopiga rumba atasemaje huu mziki ni mgeni kwake? Na wale wanaosema mwanaume kucheza ni kujidhalilisha, mbona wanaume wa Kisukuma wanacheza ngoma ya bugobogobo na majembe mkononi mbele ya kijiji kizima na wanashangiliwa?

Ningempata yule jamaa ningemwambia hivi, mwezi mzima cheza hatua ya msingi na mzunguko mmoja basi. Inua macho, muangalie mwenzako. Mkono ushike kama umebeba kifaranga. Cheza na kila aliyepo, hasa waliokutangulia, kwa sababu wao wanakuonyesha kwa mwili pale ishara yako haikufika. Nyumbani maji ya ugali yakiwa jikoni weka wimbo, tembea nao mpaka mdomo uache kuhesabu, mi ilinichukua kama miezi miwili hivi na kuna siku iliacha tu yenyewe nikiwa nakoroga.

Asubuhi nimempigia, hakupokea. Nikamwandikia "Jumanne saa kumi na mbili na nusu kabla wengine hawajafika, tutakuwa wawili tu, tunafanya ile nne na nane." Tiki zimekuwa bluu, bado hajajibu. Ufunguo wa ukumbi nimeshauomba.