Kipande kwenye kikombe

Leo nimeenda Langoni, mtaa wa hapa Amu (Lamu), kwa fundi seremala, simu imejaa picha: makabati ya jikoni meupe, laini, yote ya MDF, zile mbao za nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi.

Mzee hakubishana. Alichukua kipande cha MDF, unene wa milimita 18, akakisimamisha kwenye kikombe cha maji.
"Mwanangu, nenda sokoni. Ukirudi tutazungumza."

Nimerudi alasiri.
Ukingo umefura kama hamri kwenye mafuta! Uso wa juu bado unang'aa, lakini ubavuni kidole kinazama.

Nikaukumbuka ukuta wa jikoni kwetu, unavyotoa jasho la chumvi.

Basi MDF itakaa chumbani, kingo zote zipakwe rangi vizuri. Jikoni ni mbambakofi, mbao ngumu (bei yake nitalia nayo polepole).

Mlioweka MDF hapa Amu, yenu yamekaaje?